Lango Likifunguliwa, Nani Atampokea?

Mwaka 1961 Erving Goffman, mtaalamu mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, alitoa kitabu juu ya hospitali za wagonjwa wa akili, kiitwacho Asylums. Wasomaji wetu wanaojua Kifaransa waweza kukisoma kwa jina Asiles, kilivyochapwa mwaka 1968. Kitabu hicho kiliwatia nguvu wale waliotaka nyumba zile kubwa zifungwe na wagonjwa warudishwe mitaani kwao. Kwa kuwa shauri hilo latolewa kwetu Lubumbashi pia, yafaa tukipime: lipi la kushika, na lipi limepungua.

Kwanza tukisifu. Goffman hakuandika ya kusikia tu. Mwaka 1955 aliingia St. Elizabeths, hospitali ya Washington yenye wagonjwa zaidi ya 7,000, akashinda nao mchana kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Aliona jinsi mtu anavyovuliwa nguo zake, anavyonyang'anywa vitu vyake vidogo, anavyolala na kuamka kwa amri, hata mwisho hana tena kitu cha kuita chake. Akilalamika, malalamiko yenyewe huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Kila atunzaye wagonjwa, hata akiwa mtawa, ayasome hayo na kujichunguza.

Goffman ataja hospitali, gereza, kambi ya askari na hata monasteri katika hesabu moja. Mkatoliki asikasirike upesi. Mtawa huingia kwa hiari na kwa nadhiri, naye mgonjwa huletwa. Lakini ukuta waweza kumdhulumu mtu hata pale ulipojengwa kwa mapendo. Hilo Padre Triest, aliyeanzisha Mabruda wa Mapendo huko Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, alilifahamu, na pia Daktari Joseph Guislain aliyefanya kazi pamoja naye. Walitaka wagonjwa watunzwe bila minyororo, tena wapewe kazi. Kituo cha wagonjwa wa akili cha Mabruda hao hapa Lubumbashi huitwa kwa jina la Guislain.

Sasa tuseme upungufu. Goffman husimama langoni. Atuonyesha yaliyo ndani, lakini hamfuati mgonjwa anayerudi kwao. Mwenyewe akiri, karibu na mwisho wa kitabu, kwamba hospitali hizo zikifungwa leo, kesho jamaa, polisi na mahakimu watadai zijengwe nyingine. Neno hilo ni zito, naye alipita upesi. Marekani ililiona baadaye. Mwaka 1955 hospitali za serikali huko zilikuwa na wagonjwa wa akili zaidi ya 550,000. Mwaka 1980 walibaki chini ya 150,000. Sheria ya mwaka 1963 iliahidi vituo vya kuwatunza mitaani, lakini vingi havikujengwa kamwe. Wako waliopata nafuu makwao, wako pia walioishia barabarani na magerezani.

Nasi wa Katanga twakisoma kitabu hiki tukiwa upande mwingine. Kwetu hospitali za namna hii ni chache mno, na wagonjwa walio wengi hawajalala hata siku moja ndani yake. Wako majumbani, Kenya, Katuba na Ruashi. Wengine hutembea sokoni nusu uchi. Wengine hufungwa kamba nyuma ya nyumba, au katika vyumba vya maombi, wakinyimwa chakula ili pepo atoke. Basi yale Goffman aliyoyaona nyuma ya ukuta, kwetu yako uani. Anayesema mgonjwa arudishwe kwa jamaa hana budi kusema pia nani atanunua dawa mwezi ujao, na nani atampumzisha mama aliyekesha.

Mji wa Geel, Ubelgiji, watoa jibu ambalo kitabu hakina. Tangu Karne za Kati, kwa heshima ya Mtakatifu Dimfna, watu wake huwapokea wagonjwa nyumbani na kula nao meza moja. Lakini jamaa hizo haziachwi peke yao: nyuma yao iko hospitali, wako wauguzi wa kuwatembelea, na hupewa fedha za matunzo.

Twakumbuka yule mtu wa Gerasa, aliyekaa makaburini na kuvunja minyororo. Alipopona alitaka kumfuata Bwana, lakini Bwana alimtuma nyumbani, kwa watu walewale walioogopa kumwona amevaa nguo na kutulia. Kazi ya watu hao ndiyo yetu leo. Mgonjwa atokapo kituoni, naye akiridhia, jumuiya ya mtaa wake ijulishwe. Imtembelee, imkumbushe siku ya dawa, impe kazi anayoiweza, iwakataze watoto kumzomea, impe nafasi yake kanisani.

Kitabu kisomwe, basi. Kisha kila jumuiya ijiulize: katika mtaa wetu, nani ametoka hospitali mwaka huu, na leo anakula kwa nani?