Lugha ya Mipango ya Hija: Njia ya Nyakanazi na Miji Mitakatifu ya Wahindu na Wabudha

Mpango wa safari ya hija ni maandishi mafupi, nayo kwa kawaida hayahesabiwi kuwa fasihi. Huwa na tarehe, majina ya miji, mahali pa kulala na nauli, basi. Hata hivyo yastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine, kwa kuwa ndani yake lugha hulazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja: kumweleza msomaji aendako, na kumweleza aende huko kama nani. Mtu yule yule, katika basi lile lile, aweza kuandikwa kuwa msafiri, mgeni, mtalii au hujaji. Na neno litakalochaguliwa ndilo litakalozipanga siku zake. Jambo litakaloshikiliwa hapa ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuipangia hija ya mtu wa dini yoyote, hata ya dini zisizojulikana sana kwa Waswahili walio wengi. Kasoro imo katika uchaguzi: vitenzi vya utalii hushikwa upesi, na vitenzi vya ibada, vilivyo tele, huachwa.

Yafaa kuanza na neno hija lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni safari ya Makka katika mwezi wa Mfunguo Tatu, yenye siku zake, mavazi yake na matendo yake; safari ya Makka ifanywayo nje ya siku hizo ina jina lake, umra. Wakristo hawakulishika neno hili mara moja. Kitabu cha John Bunyan juu ya mwendo wa Mkristo kwenda mbinguni kimejulikana kwa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri, jina ambalo humwonesha mwenda njia lakini halioneshi nia yake, kwani mfanya biashara naye ni msafiri. Baadaye Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walizoea kusema hija ya Namugongo na hija ya Kibeho, na katika Jimbo la Bukoba kipo kituo cha hija cha Nyakijoga.

Upanuzi huo haukumnyang'anya Mwislamu neno lake, na sababu yake ni ya kisarufi. Hija ikitajwa peke yake bado ni ya Makka. Hija nyingine yoyote hutaka jina la mahali lifuate. Kanuni hii imewekwa na wasemaji wenyewe, si na kamati yoyote, nayo yatosha kumruhusu mwandikaji aseme hija ya Kashi, hija ya Dwarka au hija ya Bodh Gaya pasipo kumkosea mtu adabu. Ziara, neno ambalo lingeweza kushindana na hija, limepungukiwa nguvu. Zamani lilikuwa karibu sana na kuzuru makaburi ya watu wema. Siku hizi kiongozi akienda kukagua mradi wa maji, hiyo nayo ni ziara.

Ugumu wa kupanga waonekana vizuri Nyakanazi, katika Wilaya ya Biharamulo. Nyakanazi si mji mtakatifu wa dini yoyote. Ni njia panda: barabara itokayo Kahama na ile itokayo Kigoma kwa njia ya Kibondo na Kakonko hukutana hapo. Mbele kidogo, Lusahunga, njia hugawanyika tena. Moja huenda Biharamulo, Bukoba na Mutukula, na nyingine huenda Benaco na Rusumo. Basi Mkatoliki atokaye Kigoma kwa barabara hiyo, akienda Namugongo au akienda Kibeho, hupita Nyakanazi kwanza. Mwenye kuangalia ramani tu aweza kudhani kwamba mahali pote pawili paweza kuunganishwa katika safari moja ya siku chache. Kalenda yakataa. Siku kuu ya Namugongo ni tarehe 3 Juni, ukumbusho wa Mashahidi wa Uganda walioteketezwa hapo mwaka 1886. Siku kuu ya Kibeho ni tarehe 28 Novemba, kwa kuwa matokeo ya Bikira Maria yalianza huko siku hiyo mwaka 1981. Mpango uwezao kuyaunganisha yote mawili ni ule uliokubali kuikosa sikukuu moja, au zote mbili. Hapo ndipo hija na utalii huachana: mtalii huuliza ni wapi na ni umbali gani; hujaji huuliza kwanza ni lini.

Swali hilo hilo laikuta hija ya Wahindu na Wabudha, ila huko limekuwa na matawi mengi zaidi. Wahindu hutaja miji saba mitakatifu, nayo ni Ayodhya, Mathura, Haridwar, Kashi ambayo ndiyo Varanasi, Kanchi, Ujjain na Dwarka. Na huu wa mwisho uko Gujarat, nchi ya asili ya Wahindu wengi wa Afrika ya Mashariki. Kuoga katika mto Ganga huko Kashi ni jambo la siku yoyote, nalo kwa namna hiyo lafanana na umra. Kumbh Mela ni kinyume chake. Huzunguka katika miji minne, Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik, na majira yake hufuata mwendo wa jua, mwezi na sayari ya Mshtarii. Ile ya Prayagraj ya mwaka 2025 ilianza tarehe 13 Januari ikaisha tarehe 26 Februari. Wabudha nao huadhimisha Vesak katika mwezi mpevu, mara nyingi mwezi Mei. Kiswahili, chenye mwezi mwandamo na mwezi mpevu katika maneno yake ya kila siku, kinayaeleza haya bila ya taabu. Mpango unaoandika tarehe za kalenda ya ofisi peke yake umetupa sehemu ya maana yake.

Baada ya wakati huja utaratibu wa mahali. Hija ya Wabudha ina vituo vinne vikuu: Lumbini katika Nepal, alikozaliwa Buddha, Bodh Gaya, alikopata mwangaza chini ya mti, Sarnath, alikotoa mafundisho yake ya kwanza, na Kushinagar, alikofariki. Huo ndio utaratibu wa maisha. Barabara haiufuati. Mtu aanzaye Varanasi anayo Sarnath umbali wa kilomita 10 hivi. Bodh Gaya iko kilomita 250 hivi upande wa mashariki. Kisha hana budi kurudi kaskazini kwenda Kushinagar, na mwisho kuvuka mpaka kuingia Lumbini. Akifuata barabara atasikiliza mafundisho kabla ya mwangaza, na atashuhudia kifo kabla ya kuzaliwa. Hapana kosa katika kufuata barabara, kwa kuwa miguu na nauli zina haki zao. Kosa ni la mpango unaoandika siku ya 1, siku ya 2, siku ya 3, kana kwamba hesabu hiyo ndiyo maana, wala usimwambie msomaji kwamba utaratibu wa maisha umepinduliwa. Sentensi moja ingetosha kumpa hujaji kazi ya kuupanga upya moyoni.

Ama vitenzi, hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuwa mkali zaidi. Kitenzi kipendwacho ni kutembelea, na baada yake kuona vivutio. Kutembelea hakutofautishi hekalu na mbuga ya wanyama. Kutalii kwenyewe si neno la aibu, kwani asili yake ni kuangalia kwa makini hata kusoma. Lakini jicho la mtalii hutazama bila ya kutazamwa. Mhindu huenda hekaluni kwa ajili ya darshan, yaani kumwona mungu na kuonwa naye. Lugha nyingi hulazimika kulieleza jambo hili kwa maneno mengi. Kiswahili kina kiambishi cha kutendeana, na kuonana ni neno la kila siku ambalo kila mtoto hulijua. Mpango ukiandika kwamba asubuhi mahujaji watakwenda kuonana na Vishwanath hekaluni kwake Kashi, umesema sawasawa kile ambacho kuona hakusemi.

Mifano mingine yafuata. Kuzunguka mahali patakatifu ni tendo la Wahindu, Wabudha na Waislamu, lakini Mwislamu anayetufu huweka Alkaaba upande wake wa kushoto, na Mhindu au Mbudha huweka hekalu au mnara upande wake wa kuume. Basi kutufu kusitumiwe nje ya Makka. Kuzunguka kwa kuume kunatosha, tena kunamwongoza mgeni asikosee. Kuteremka ngazi za Kashi alfajiri na kujitosa mtoni ni kukoga, neno ambalo watu wa Makunduchi wamelihifadhi katika Mwaka Kogwa. Mwandikaji akisema kuogelea amemgeuza hujaji kuwa mwana michezo. Ibada ya alfajiri na ile ya taa za jioni ukingoni mwa mto hazipatikani kwa mtu apitaye mchana tu. Kwa hiyo neno kukoga, likiandikwa kwa haki, hudai usiku mmoja au miwili ya kulala hapo. Na katika Gaya, mji jirani wa Bodh Gaya, Wahindu huwatolea wazee wao waliokufa matonge ya wali au ya unga. Huku ni kutambika. Watu waliosoma huliogopa neno hili wakidhani kwamba linamshusha mtu, nao huweka badala yake ibada za kimila, maneno mawili yasiyosema lolote. Tambiko hueleza kinachofanywa, kinafanywa kwa ajili ya nani, na kwa nini mwana lazima aende mwenyewe.

Nomino nazo zina lawama zao. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mhindu au Mkristo. Mhindu ni mfuasi wa dini. Mpango unaosema hija ya Wahindi umewachanganya watu ambao hawaendi mahali pamoja. Wabudha nao wasihesabiwe kuwa tawi la Wahindi: hekalu lao la Dar es Salaam lilianzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka. Tena huzuka tofauti katika neno sanamu. Mkristo asemaye sanamu ya Bikira Maria kwa heshima aweza, katika sentensi ifuatayo, kusema masanamu ya Wahindi. Kiambishi ma- hapo hakihesabu idadi, kinadharau. Mhariri mwema hukifuta, kwa kuwa dharau iliyojificha katika silabi moja hudumu kuliko tusi la wazi.

Lililo kubwa katika haya yote ni neno tirtha, ambalo Wahindu hulitumia kwa mahali pa hija. Maana yake ya asili katika Kisanskriti ni mahali pa kuvukia mto. Kwa hiyo mji mtakatifu, ambayo ndiyo tafsiri iliyozoeleka, husema sifa ya mji lakini haisemi kazi yake. Kazi yake ni kuvusha. Kiswahili kina kivuko, nacho huitwa hivyo mahali pa kuvukia na chombo cha kuvukia pia. Wenyeji wa Kanda ya Ziwa walilitamka neno hilo kila siku kati ya Kigongo na Busisi mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Kina pia ng'ambo, ambayo ni upande wa pili wa maji, na kwa maneno ya dini yaweza kuwa upande wa pili wa maisha. Haishauriwi kwamba mji mtakatifu ufutwe. Yashauriwa kwamba mpango ueleze mara moja, mwanzoni, kwamba kila mji utakaofikiwa ni kivuko. Na hapo msomaji wa Ngara au Biharamulo, asiyepata kuuona mto Ganga, atafahamu kinachotafutwa huko.

Fahamu hiyo, hata hivyo, ina deni lake. Mwenda Kibeho kutoka Nyakanazi huvuka mto Kagera hapo Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka hapo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaja kukaa Benaco; hao hawakuitwa mahujaji, waliitwa wakimbizi. Kibeho yenyewe, ambayo matokeo yake yalikubaliwa na askofu wa jimbo mwaka 2001, iliona mauaji ya watu waliokimbilia kanisani mwaka 1994, na mauaji mengine katika kambi ya waliohama makwao mwaka 1995. Mpango unaotaja mwaka 1981 na 2001 peke yake una tarehe za kweli, lakini umeacha kati yake shimo ambalo hujaji atalikanyaga bila ya kujua. Wabudha wamelitatua jambo hili kwa namna ya kufundisha: Kushinagar, mahali pa kufa, ni kituo kamili, wala si aya ya kuruka. Wapangaji wa Kibeho wangeweza kuufuata mfano huo bila ya kubadili itikadi yao hata kidogo.

Yaweza kupingwa kwamba haya ni kuudai mpango wa safari zaidi ya uwezo wake. Kwamba mtu ataka kujua basi laondoka saa ngapi, na maana ataikuta mbele. Hoja hiyo ina nguvu juu ya urefu, haina nguvu juu ya uchaguzi. Kuonana si neno refu kuliko kutembelea. Kukoga ni fupi kuliko kuogelea. Na tambiko ni fupi kuliko ibada za kimila. Nafasi ni ile ile, na wino ni ule ule. Saa ya basi yenyewe hutegemea neno: penye kukoga alfajiri basi haliwezi kufika saa nne. Hivyo mwandikaji wa mpango, apende asipende, ndiye mfasiri wa kwanza wa dini ya mtu mwingine kwa Kiswahili, na mara nyingi ndiye wa pekee. Kamusi na vyuo vitamfikia baadaye. Hujaji amekwisha kulipa nauli.