Maduara Kumi na Mawili ya Bayek

Ahadi ya Bayek ni misheni ya pembeni. Unaweza kuimaliza gemu yote ya Assassin's Creed Origins, ukauona mwisho wake na kuzima mashine, na misheni hii usiwe umeigusa. Hakuna mlango utakaokufungia wala mhusika atakayekukumbusha. Kijana wa Kagongwa anapoifuata mpaka tamati, umeme ukikatika na kurudi, basi ameipenda mwenyewe.

Kagongwa ni mji wa mchele. Anayetoka Isaka kwenda Kahama huutambua kwa mashine za kukoboa, maghala, na malori yanayopakia magunia. Vibanda vya gemu vipo, na humo anayetawala ni mpira wa miguu. Mechi ikiisha, aliyefungwa anaachia pedi na mwingine anakaa. Mwenye kibanda hana namna nyingine, kwani riziki yake iko kwenye mechi fupi. Gemu ya hadithi ndefu huchezewa nyumbani, usiku, kwa PS4 iliyonunuliwa kwa mtu. Hivyo ndivyo nilivyoitazama ikichezwa na kijana fundi wa mashine za mpunga, mtu ambaye mchana kutwa husikiliza injini ili ajue beringi ipi inakaribia kufa. Nilikaa pembeni yake jioni nyingi. Nilitaka kujua ni nini kinachomshika mtu kama huyo kwenye jambo lisilo na mbio.

Gemu yenyewe ilitengenezwa na studio ya Ubisoft ya Montreal, Kanada, na ikatoka Oktoba 2017. Inatupeleka Misri ya mwaka 49 kabla ya Kristo, wakati Kleopatra na mdogo wake Ptolemaio wakigombea kiti. Bayek ni Medjay, mlinzi wa watu, mzaliwa wa Siwa, oasisi iliyo mbali magharibi mwa Nile. Alikuwa na mtoto wa kiume, Khemu. Watu waliovaa barakoa waliwateka wote wawili, na katika purukushani kisu kilichokuwa mkononi mwa baba kikamwingia mtoto. Gemu yote ni safari ya kuwasaka watu hao, na huko damu inamwagika sana.

Misheni hii inakwenda njia nyingine. Bayek alikuwa amemwahidi Khemu kwamba watayazunguka pamoja maduara yote ya mawe ya kale, kumi na mawili, yaliyotawanyika nchi nzima, ili wazitazame nyota kutoka kila moja. Mtoto amekufa, ahadi imebaki. Baba anakwenda peke yake.

Huko kwenye duara kazi ni ndogo mno. Unafika kwa ngamia au farasi, unasimama katikati ya mawe, na skrini inageuka kuwa anga. Unapewa mchoro wa mistari, nawe unausogeza taratibu mpaka ukae sawasawa juu ya nyota zake: Simba wa Kimungu, Pacha Wakuu, Serqet mwenye umbo la nge, Apis aliye fahali. Ukipatia, Bayek anakumbuka. Tunasikia mazungumzo ya zamani kati yake na mtoto: maswali ya Khemu, majibu ya baba, utani wa watu wanaopendana. Ni muda mfupi tu. Halafu jangwa linarudi, na duara lifuatalo liko mbali.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia waandishi. Mwandishi mwenye pupa angeyaweka mazungumzo yote mahali pamoja, tukalia mara moja na kusahau. Hawa waliyakata vipande kumi na viwili, wakavitawanya kwenye ramani kubwa kiasi kwamba kati ya kipande na kipande unaweza kupita usiku mzima wa kucheza, ukipigana na kusaidia wanakijiji kwa mambo yasiyohusiana kabisa na Khemu. Mtoto anapotea akilini mwa mchezaji. Kisha mawe yanaonekana juu ya kilima, na sauti yake inarudi bila kubisha hodi. Yeyote aliyefiwa anajua kwamba msiba hurudi hivyo hivyo, siku unapokuwa na shughuli nyingine. Waandishi hawakutueleza jambo hilo kwa maneno. Walilijenga ndani ya umbali.

Uteuzi wa nyota nao haukufanywa ovyo. Makundi kumi na mawili ya nyota za falaki yaliingia Misri yakitoka Babeli kupitia kwa Wagiriki, na katika karne hiyo hiyo ya kwanza kabla ya Kristo Wamisri waliyachonga kwenye dari ya hekalu la Dendera, yakiwa yamechanganywa na miungu yao. Mbuzi mwenye mkia wa samaki yumo, na kiboko mwenye sura ya Taweret yumo. Dari hiyo leo iko Louvre, Paris. Waliotengeneza gemu wakachukua mchanganyiko huo na kumpa mtoto mdogo audadisi. Kwa msomaji wa huku kuna jambo la karibu zaidi: katika kundi la fahali ndimo kilimo kile kishada cha nyota tunachokiita Kilimia, ambacho wakulima wa Afrika Mashariki walikitazama kujua majira ya kulima. Kijana wangu alipolipanga duara la Apis nilimwonyesha. Akasema bibi yake alikuwa akikijua, kisha akaendelea kucheza.

Nisiuache mkono wa mchezaji. Kuimaliza misheni kama hii ni ufundi kamili. Fundi wangu hakufungua video ya kumwonyesha maduara yaliko. Alimrusha Senu, tai wa Bayek, akalipekua jangwa kutoka juu, mkoa kwa mkoa. Alipokosa alihama, na siku nyingine alirudi na jicho jipya. Alijizoeza kuitambua mapema ile rangi ya mawe dhidi ya mchanga. Alipofika kwenye duara hakukimbilia kubonyeza. Aliacha Bayek asimame kwanza. Mazungumzo yakianza aliweka pedi mapajani. Nilimwona akifanya hivyo kila mara, na naamini ndiyo tofauti kati ya kumaliza misheni na kuikamilisha. Sifa za uchezaji huku kwetu huenda kwa mwenye vidole vyepesi. Huyu alikuwa kama mama anayechagua mchele kwenye ungo: haharakishi, na jiwe halimpiti.

Maduara yote yakitimia, njia inakupeleka Giza, kwenye chumba kilicho chini ya Sphinx. Ukiwa umekusanya vipande 50 vya silika kutoka makaburi ya kale, unapewa vazi la vita la Isu, watu wa kabla ya watu katika hadithi hizi. Vazi linang'aa, na wapo wanaozunguka Misri yote kwa ajili yake tu. Mimi naliona ni dogo kuliko kilicholitangulia. Mwandishi alilazimika kuweka zawadi, maana gemu ni gemu, lakini mtu aliyeyasikia mazungumzo yale kumi na mawili ameshalipwa.

Bila sauti ya Bayek yote haya yangeanguka. Aliyeitoa ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya, na kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA ya uigizaji wa gemu mwaka 2018. Msikilize anapozungumza na mtoto, halafu msikilize anapotishia adui. Ni koo moja, ila kwa mtoto anashusha pumzi kabla ya neno, kama mzazi anayejua kwamba swali jingine linakuja. Sauti ya namna hiyo inahitaji mtu anayejua nyumba ikoje.

Salim hakuishia hapo. Baba yake mzazi, ambaye ndiye aliyemwingiza kwenye michezo ya video, alifariki, na mwana akaanzisha studio yake, Surgent Studios. Aprili 2024 ikatoa gemu ya Tales of Kenzera: Zau. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amkamatie roho tatu kubwa, naye amrudishie baba yake. Ukiangalia vizuri, ni Bayek aliyegeuzwa upande wa pili. Kule baba anambeba mtoto aliyekufa. Huku mtoto anambeba baba. Na ule utulivu wa maduara ya mawe umo pia, maana Zau huketi chini ya mibuyu na kuisema huzuni yake, na kuketi huko kunamwongezea uhai. Mwaka 2025 gemu hiyo ilipata tuzo ya BAFTA inayotolewa kwa gemu zenye maana iliyo zaidi ya burudani.

Kubwa zaidi kwetu ni kwamba Zau ina sauti za Kiswahili. Unachagua lugha, na wahusika wanazungumza nawe kwa Kiswahili. Haikutolewa kwa PS4, kwa hiyo fundi wangu hajaicheza, na vijana wengi wa ukanda huu wa mpunga na dhahabu hawajaicheza. Kwa Origins aliyaelewa mazungumzo ya Khemu kwa Kiingereza chake cha sekondari, akisoma maandishi chini ya skrini, na mahali pengine akiniuliza. Aliyaelewa hata hivyo.

Ninyi mnaojifunza kutengeneza gemu Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi, ombi langu ni dogo. Mkishamaliza kuandika mapigano, andikeni misheni moja ya pembeni isiyomlazimisha mtu, iandikeni kwa Kiswahili, na muipe umbali wa kutosha. Wachezaji wa kuifuata mpaka mwisho wapo Kagongwa.