Nyumba Inauzwa, Tazama Dari

Nyumba ya karne ya 18 inapoingia sokoni mjini Dublin, tangazo la dalali huwa na mpangilio wake uleule: idadi ya orofa, vyumba vya kulala, jiko jipya, maegesho ya gari, mwendo mfupi hadi kituo cha tramu. Picha za bafu hazikosekani. Dari hutajwa mwishoni kwa maneno mawili, mapambo asilia, utadhani yalinunuliwa dukani siku moja na mapazia.

Hizi ni nyumba za enzi ya wafalme wanne walioitwa George, waliotawala Uingereza na Ireland mfululizo kuanzia 1714 hadi 1830. Kwa nje hazina makuu. Zimeshikana ukuta kwa ukuta, matofali matupu, madirisha yanayopungua urefu kadiri yanavyopanda, na juu ya mlango kioo cha nusu duara. Mgeni anayepita Merrion Square, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1760, hupiga picha ya mlango uliopakwa rangi kali kisha akaenda zake. Hajui alichokiacha ndani, juu ya vichwa vya wenyeji.

Mwenye sifa humo ndani ni fundi wa lipu. Kwanza seremala alipigilia papi nyembamba chini ya maboriti ya sakafu ya juu, akiacha upenyo mdogo kati ya papi na papi. Fundi akaja na mchanganyiko wa chokaa, mchanga na nywele za mnyama, akausukuma kwa mwiko kwa nguvu mpaka ukapenya, ukavimba upande wa pili na kujishika kwenye mbao. Hicho kivimbe ambacho hakuna anayekiona ndicho kinachobeba dari nzima. Nywele zilikuwa na kazi yake: kuifunga lipu isipasuke ikikauka.

Ule utepe wa mapambo unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari ulitengenezwa kwa kiolezo cha bati kilichokatwa umbo lake, kikaburutwa juu ya lipu mbichi mara nyingi hadi mistari ikatoka safi. Majani na maua ya kujirudia yaliweza kumiminwa kwenye kalibu, yakabandikwa. Lakini kazi kubwa iliumbwa palepale. Fundi alisimama jukwaani, shingo kaikunja nyuma, chokaa ikimdondokea usoni, akaumba bawa, ua au shavu la mtoto kwa vijiti na miwiko midogo. Chokaa hukauka taratibu, jasi huganda upesi. Kujua kiasi cha kuchanganya ndiko kulikomtenga bingwa na kibarua wake, kwa maana jasi ikizidi, bawa linaganda kabla halijapata manyoya.

Robert West alikuwa bingwa wa namna hiyo, na mjenzi pia. Nyumba namba 20, Lower Dominick Street, aliyoijenga miaka ya 1750, ina ukumbi wa ngazi unaotosha peke yake kumpeleka mtu Dublin. Kuna ndege kuta nzima. Wamechomoza nje kabisa, mwili mzima, hata vivuli vyao huanguka ukutani na kusogea jua linaposogea dirishani. Kabla yake walitangulia ndugu wawili kutoka Ticino, Uswisi, Paolo na Filippo Lafranchini, waliomweka Apollo na wale miungu wa kike tisa wa sanaa katika chumba kimoja cha namba 85, St Stephen's Green, mwishoni mwa miaka ya 1730. Nyumba hiyo baadaye ikawa ya chuo kikuu cha Kikatoliki, na baadhi ya sanamu za wanawake walio uchi zikavalishwa nguo za plasta, wanafunzi wasije wakasahau masomo. Aliyezivalisha naye alikuwa fundi, ingawa hakuna anayemsifu.

Msomaji wa Lamu hatashangazwa na ustadi huu. Karne hiyohiyo mafundi wa pwani walikuwa wakipamba kuta kwa zidaka, safu juu ya safu, kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa.

Bahati ya Dublin iligeuka. Sheria ya Muungano ya 1800 ililifuta bunge la Ireland, wakubwa wakafuata madaraka London, na nyumba zao zikaanza kugawanywa. Namba 14, Henrietta Street, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake, ilikuwa na watu 100 katika sensa ya 1911; ngazi yake kuu ilishang'olewa ili vyumba vya kupangisha vipatikane. Leo ni makumbusho, yaliyofunguliwa 2018. Nyingine hazikupata hata nafasi hiyo. Mwaka 1965 shirika la umeme la Ireland lilibomoa nyumba 16 za safu moja katika Lower Fitzwilliam Street ili lijenge ofisi. Ulikuwa uamuzi wa aibu.

Tangu sheria ya mipango miji ya 2000, jengo lililoorodheshwa kulindwa nchini Ireland hulindwa nje na ndani, dari ikiwemo. Lakini sheria haishiki brashi. Kila mwenye nyumba aliyepaka rangi juu ya rangi ya mwenzake alilijaza ua kidogo, mpaka petali zikawa donge, na kuzifukua ni kazi ya siku nyingi kwa vifaa vidogo kama vya daktari wa meno. Saruji ni balaa zaidi. Chokaa huuachia unyevu upite, saruji huufungia ndani, na lipu ya zamani iliyozibwa kwayo huoza pembeni mwa kiraka.

Basi mnunuzi mwenye fedha zake aende na tochi. Aiwashe kwa ubavu, mwanga utambae juu ya dari badala ya kuipiga uso kwa uso, na nyufa, uvimbe na sehemu zilizoachana na papi zitajionyesha. Amuulize dalali nani aliigusa dari hii mara ya mwisho, na kwa chokaa au kwa saruji. Akijibiwa kwa kucheka, amwite fundi wa chokaa aikague kabla hajasaini lolote, na bei ya jiko jipya izungumzwe baadaye.