Sifuri ya Kubandika

Kihisi chenyewe cha uchafuzi wa hewa sina ugomvi nacho. Feni inavuta hewa, leza inamulika chembechembe, kijicho kinapima mwanga uliotawanyika. Kwa bei yake, kazi safi. Kilichoharibu ni uamuzi wa mwenye kihisi, na kwenye grafu za msimu wa salfa unaonekana waziwazi. Tuseme kifaa cha nyumbani, Lulindi au Newala huko Mtwara, mwezi Juni kinasoma PM2.5 (chembe laini za hewani) ya 4 kabla jiko halijawashwa, na mwisho wa Agosti, saa ileile, kinasoma 19. Mwenyewe anafungua mipangilio, anaandika “toa 15”, mstari unarudi chini, naye analala usingizi.

Hapo ndipo alipokosea, tena vibaya. Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga ni unga ambao sehemu kubwa ni chembe nene, na vihisi vya leza kama hiki, vya jamii ya PMS5003, huona moshi vizuri kuliko vumbi nene. Kwa hiyo namba iliyopanda polepole kwa miezi miwili na kubaki juu hata alfajiri tulivu inaelekeza kidole kwenye uchafu uliotua ndani ya chumba cha leza kabla ya hewa ya nje. Na uchafu hauna mshahara wa kudumu: leo unaongeza 15, wiki ijayo 22, kisha feni inaung'oa na ongezeko hakuna. Sasa fika Septemba, watu wanachoma mashamba, uchafu umeshadondoka, hewa ina moshi wa 25, na kioo kinasema 10. Kikomo cha WHO cha mwaka 2021 kwa saa 24 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Yaani bwana huyu amekata kikomo kizima kwa kidole kimoja, na moshi ndicho kitu pekee ambacho mashine yake ilikuwa inakijua barabara! Leza nayo huchoka (mtengenezaji anaitegemea miaka 3 hivi), na ikififia hupunguza kila kipimo kwa uwiano, jambo ambalo kutoa namba moja hakuwezi kuliponya.

Watasema ni unyevu. Unyevu upo, hasa masika ukungu unapolala juu ya uwanda wa Makonde: chembe za moshi hunywa maji, huvimba, na kihisi kisicho na kipasha joto huzihesabu kama kubwa. Lakini unyevu hupanda usiku na kushuka jua likikaza. Uchafu haushuki saa sita mchana. Anayetazama grafu ya siku tatu tu hawezi kuvichanganya. Wengine hukimbilia fomula ya Marekani ya 2021 ya kusahihisha vihisi, ile ya kuzidisha kipimo kwa 0.524, kutoa 0.0862 kwa kila asilimia ya unyevu na kuongeza 5.75. Fomula nzuri, kwao. Ipe kihisi kinachosoma sifuri kwenye unyevu wa asilimia 90, itakujibu hasi 2.

Hoja yenye uzito ni kwamba huku kwetu hakuna mashine rejea ya kujilinganisha nayo. Ni kweli, na Marekani iliposimamisha Machi 2025 kutangaza vipimo vya balozi zake, Kampala ikiwamo, ilituongezea umaskini huo. Ila kundi la AirQo la Chuo Kikuu cha Makerere waliweka vihisi viwili ndani ya kifaa kimoja ili kimoja kimsute mwenzake, kisha wakavipeleka kando ya mashine rejea kabla ya kusahihisha chochote. Na Charles Keeling, alipoanza kupima kabonidioksaidi Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuwa na mitungi ya gesi rejea ya kuisutia mashine yake, hakuiruhusu ijisemee. Vijana wa siku hizi wanaona kitufe cha kurekebisha wanadhani ni kipimo.

Nyumbani kinachohitajika ni chujio la HEPA mdomoni mwa kihisi kwa nusu saa. Kikisoma 0 au 1, ndani ni safi na ile 19 ilikuwa ya hewani. Kikiendelea na 15, zima umeme, shikilia feni isizunguke, puliza taratibu kwa pampu ya baiskeli, pima tena. Kikigoma, nunua kingine, na ile “toa 15” ifute kabla hujakichomeka.