Tazama Mstari wa Mlango Kwanza

Kuna sifa moja inayogawiwa ovyo kila mahali magari ya plastiki yanapoonyeshwa: "Linang'aa kama kioo!" Ikishatamkwa hiyo, hukumu imepita na hakuna anayeinama tena kutazama. Chukua Datsun 240Z namba 11, gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally mwaka 1971, na ambalo kampuni ya Hasegawa ya Japani imelitolea seti ya skeli ya 1/24. Ni gari linalopendwa, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki lina haki ya kupendwa. Lakini mara ngapi linaletwa mezani likiwa limepigwa vanishi nzito bodi nzima, pamoja na ile boneti nyeusi, mpaka taa za dari zinajiona juu yake, na watu wanalishangilia! Boneti ile ilipakwa nyeusi isiyong'aa kwa makusudi, ili jua lisimrudie dereva machoni. Aliyeing'arisha hakulitazama gari alilokuwa akiliiga, na anayemsifu hakulitazama vilevile. Kosa la fundi hurekebishika kwenye seti inayofuata. Sifa isiyostahili hairekebishiki kwa urahisi, maana anayeanza leo huiga kile alichosikia kikisifiwa jana.

Modeli ni ahadi ya hesabu. Boksi likiandikwa 1/24, maana yake kila kitu kigawanywe kwa ishirini na nne, na rangi nayo imo. Rangi ya kiwandani kwenye gari halisi, tabaka zote kwa pamoja, ina unene wa takriban milimita 0.1. Igawe, utapata milimita 0.004, unene ambao hakuna mkono wala bomba la kupulizia litakaloufikia. Kwa hiyo kila fundi anaanza kazi akiwa na deni, na ustadi wake unapimwa kwa jinsi anavyolipunguza. Sasa mtazame mpenda mng'ao: praima, rangi, kisha vanishi tabaka juu ya tabaka. Akifikisha milimita 0.1 juu ya plastiki, na si vigumu kufika hapo, amepaka gari lake rangi ya milimita 2.4 kwa kipimo cha gari halisi. Bati la bodi lenyewe halifiki milimita moja. Amejenga gari ambalo rangi yake ni nene kuliko bati lake mara mbili na zaidi, halafu anaambiwa limetoka kama la kweli.

Deni hilo linasomeka mahali pamoja kuliko pengine pote, napo ni kwenye mstari wa mlango, ule ufa unaoutenga mlango na bodi. Hapa ndipo macho ya asiyejua hupita bila kusimama. Na ajabu ni kwamba kwenye magari halisi watu wetu wanaujua sana mstari huo. Mnunuzi wa gari la mtumba Dar es Salaam au Mombasa, kabla hajauliza bei, huchungulia nafasi kati ya mlango na madgadi. Akiikuta nyembamba juu na pana chini, anajua gari lilishagongwa likanyooshwa, na hakuna polishi itakayomrudisha. Jicho hilohilo likipelekwa kwenye gari la plastiki hulegea, kwa kuwa mng'ao umeshaliteka. Nafasi ya mlango kwenye gari la miaka ya 1960 na 1970 ni kama milimita 5. Kwa skeli ya 1/24 hiyo ni milimita 0.2 tu. Rangi inapoingia humo haijipaki upande mmoja, hujipaka kuta zote mbili: 0.1 huku na 0.1 kule, na mlango umezibwa kabisa. Tena rangi ya majimaji hukimbia ncha kali na kujikusanya kwenye mashimo, kwa hiyo ukingo unakuwa butu na mfereji unajaa. Kinachobaki ni kibonde chenye mabega ya mviringo. Ule mng'ao wa kulowa unaosifiwa umelipiwa kwa milango ya gari, na gari lisilo na mlango unaoweza kufunguka, hata kwa mawazo, ni sabuni yenye magurudumu.

Usomaji wa mstari huo una utaratibu wake. Shika tochi, iweke chini, mwanga upite ukilala juu ya bodi. Anzia pale nguzo ya kioo cha mbele inapokutana na madgadi, shuka nao polepole. Je, upana ni mmoja toka juu hadi chini? Unapovuka kile kikunjo kinachopita ubavuni mwa gari, umekatika? Pale ndipo msasa hula zaidi, na pale ndipo rangi hutoboka kwanza. Fika kwenye pembe: imekaa kama pembe, au chombo cha kuchongea kiliteleza kikaacha mkwaruzo mdogo uliopitiliza? Kisha fuata mstari unapojikunja kuingia chini ya mlango, kuelekea sakafu. Asiyejua huchonga mpaka pale jicho lake linapoishia akiwa amesimama. Fundi hufuata mpaka chini, kwa sababu mlango wa gari halisi haukatiki katikati ya hewa. Mwisho angalia rangi ya kivuli. Ufa wa mlango ni mweusi kwa sababu ya giza, haukupakwa wino. Wino mweusi kwenye gari jeupe hulifanya lionekane limechorwa kwa kalamu. Gari jeupe linataka kijivu, jekundu linataka damu ya mzee, la njano linataka hudhurungi, na jeusi liachwe lilivyo. Tena mistari haitoshani giza. Ufa wa boneti una chumba cha injini chini yake, kwa hiyo ni mzito. Ufa wa mlango unaishia kwenye fremu iliyopakwa rangi ileile ya bodi, kwa hiyo ni mwepesi. Anayeijaza mistari yote kwa wino mmoja amekiri kwamba hajui nini kiko nyuma yake.

Mafundi wa kweli huanza na mstari huo kabla praima haijafunguliwa. Hutumia mgongo wa kisu, wakiuvuta kwa mkono mwepesi mara nyingi badala ya kuukandamiza mara moja, kisha huusafisha mstari tena baada ya rangi na kabla ya vanishi. Subira ya namna hiyo huzaliwa na kulijua gari lenyewe. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, ilipotayarisha Porsche 934 ya skeli ya 1/12 iliyotoka mwaka 1976, ilifika mahali pa kununua Porsche 911 halisi na kuifungua vipande, kwa kuwa vipimo na picha havikutosheleza. Mwingereza Gerald Wingrove, ambaye hakutumia seti bali alitengeneza kila kipande kwa mkono kwa skeli ya 1/15, naye alisimamisha kazi yake yote juu ya vipimo vya gari lenyewe. Walaghai nao wana njia zao, na zinajirudia. Yupo anayezika matairi kwenye vumbi la jukwaa ili usione kwamba gurudumu moja halikugusa ardhi. Yupo anayefungua boneti na milango, usiweze kupima kama inafunga sawasawa. Yupo anayepiga vanishi ile ya gereji, ya magari makubwa, ili gari ling'ae kwa siku moja bila kupiga msasa hata kidogo. Na yupo anayelipaka gari la Safari matope kutoka magurudumu hadi paa, kwa chembe ambazo zikipimwa kwa skeli ni kokoto za ukubwa wa ngumi, ili matope yasitiri mstari alioshindwa kuuchonga. Gari likikuonyesha upande mmoja tu, omba uone wa pili.

Mengine yanayofuata yanajulikana, nayataja kwa haraka. Mshono wa kalibu lazima utoweke. Bodi ya gari hutoka kwenye kalibu yenye kuta zinazofunguka pembeni, kwa hiyo mshono hukimbia juu ya madgadi na kwenye nguzo za paa, na ukiuona umevaa rangi, weka gari chini, usiendelee. Rangi ya metaliki ichaguliwe kwa chembe zake: chembe ya milimita 0.03 juu ya modeli ni sawa na robo tatu ya milimita kwenye gari halisi, na hakuna kiwanda kilichowahi kutoa gari lililomwagiwa mchanga wa fedha. Magurudumu yote manne yaguse kioo kilicholazwa, na gari likae chini kwa kimo chake, lisinyanyuke kama linaruka dimbwi. Tairi lisilopigwa msasa si tairi. Kromu isiachwe ilivyotoka kwenye fremu ya seti. Injini isiyounganishwa waya ifunikwe. Kwa haya matatu ya mwisho sina hesabu ya kutoa, wala hayahitaji. Aliyekaa na magari haya kwa miaka anayajua.

Watasema kwamba hii ni burudani, na kwamba mtu anayejifurahisha nyumbani kwake hapaswi kuwekewa hakimu. Ni kweli, na furaha yake haimhusu mtu mwingine. Lakini pale anapoliweka gari lake mezani na mwingine akasema ni zuri, hukumu imeshatolewa, na swali lililobaki ni kama ni ya haki. Watasema vilevile kwamba mfereji ulikuja hafifu kutoka kiwandani. Hilo pia ni kweli, hasa kwa seti za Marekani ambazo kalibu zake za miaka ya 1960 zinaendelea kutumika hadi leo zikiwa zimechoka. Lakini hapo ndipo kazi ilipo. Anayeunga seti mpya ya Tamiya sawasawa anastahili heshima. Anayetoa mlango safi kwenye kalibu iliyochoka anastahili zaidi, na hakimu asiyetofautisha hao wawili anawadhulumu wote.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka Marekani kwenyewe. Magari ya maonyesho ya George Barris yalipakwa tabaka nyingi za rangi yenye kina, yakang'aa kuliko chochote kilichotoka Detroit. Je, modeli ya gari kama hilo ising'ae? Ing'ae, tena sana. Ila yatazame magari yale yenyewe: chini ya mng'ao ule, nafasi za milango zilikuwa zimepangwa kwa risasi na msasa mpaka zikawa sawa kuliko za kiwandani. Walioyajenga walijua kwamba kioo kinaonyesha kila kosa. Mng'ao kwao ulikuwa ushahidi wa kazi iliyofanyika chini yake. Leo umegeuzwa kuwa kifuniko. Na kwa anayesema kwamba hakuna jicho linaloweza kupima milimita 0.2, jibu ni hili: mpe mtoto modeli mbili, moja ya fundi na moja ya mpenda vanishi, umuulize ipi ni gari na ipi ni la kuchezea. Atajibu upesi, ingawa hataweza kusema kwa nini. Jicho hupima, ulimi ndio unaokosa maneno.

Zamani maneno hayo yalikuwapo. AMT ya Michigan ilipoanza kutoa seti zake za tatu kwa moja mwaka 1958, kijana alichagua ajenge gari kama lilivyotoka kiwandani, au lililobuniwa upya, au la mashindano, na kila njia ilikuwa na kanuni zake. Katika shindano la Fisher Body Craftsman's Guild, lililoendeshwa na General Motors kuanzia 1930 hadi 1968, vijana walitengeneza kazi zao kwa mkono, na washindi walipata fedha za masomo. Mshindi wa mwaka 1947, Chuck Jordan, baadaye akawa mkuu wa ubunifu wa General Motors. Mashindano ya namna ile yalimfundisha kijana kwamba kazi yake itageuzwa chini juu na mtu anayejua. Siku hizi inatazamwa kwa picha moja, kutoka pembe aliyoichagua mwenyewe, nyuma kukiwa na ukungu. Tumepata rangi bora, visu bora na kalibu bora kuliko walizokuwa nazo wale, na tumepoteza watazamaji.

Kwa hiyo, msomaji, safari nyingine ukiwekewa gari la plastiki mbele yako, uzuie ulimi. Usiseme linang'aa. Omba tochi, inama, fuata mstari wa mlango toka kwenye nguzo ya kioo mpaka chini unakojificha. Ukiwa safi njia nzima, sifu kwa sauti, na useme umesifu nini. Ukiwa umezibwa, mwambie mwenyewe kwa upole, faraghani, umwonyeshe mahali hasa. Hatakushukuru siku hiyo. Seti yake inayofuata itakuwa na milango.