Ngao na Mkate wa Wishwa: Nasaba ya Fumo Liyongo

Makabaila wa Ulaya waliichora nasaba juu ya ngao. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kuibeba nembo ya baba yake, ila hutiwa alama ya kumtenga: mstari wa mshazari, au ukingo wa rangi mbili. Ukoo wa Beaufort wa Uingereza, watoto wa John of Gaunt na Katherine Swynford waliozaliwa kabla ya wazazi kuoana, ulihalalishwa mwaka 1397. Hata hivyo nembo yake ilizungushiwa ukingo wa vipande vyeupe na vya buluu. Mwaka 1407 Mfalme Henry IV akaongeza sharti: wasirithi ufalme.

Pwani ya Waswahili haikuwa na ngao za namna hiyo. Alama ya uzawa ilitunzwa katika masimulizi, na kisa cha Fumo Liyongo ni shahidi. Katika riwaya iliyoenea, Liyongo ndiye mkubwa, hodari wa upinde na wa shairi. Lakini mama yake alikuwa mke wa daraja ya chini, na kiti kikashikwa na Mringwari, nduguye wa baba mmoja.

Hapa yafaa kupambanua. Kwa sheria ya Kiislamu, hata mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni halali, naye hurithi. Unguja iliyaona hayo: Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote wana wa masuria, walitawala mmoja baada ya mwengine. Kilichomfungia Liyongo mlango, basi, ni daraja, si sheria.

Wengi huusifu utendi wa Muhammad Kijuma wa mwaka 1913 kwa ushujaa uliomo. Lakini kiini cha kisa kimo jikoni. Liyongo yumo kifungoni, na vyakula vizuri aletewavyo huliwa na walinzi. Mama aoka mkate wa wishwa, atia tupa ndani, amtuma kijakazi Saada. Walinzi waudharau, kwani wishwa ni chakula cha watumwa, wamwachia mfungwa. Ngoma ya gungu ikivuma, minyororo yakatwa. Alama ya unyonge ndiyo iliyoficha chuma. Lau mkate ungekuwa wa kiungwana, shujaa asingetoka.

Tena hadithi yapima pande mbili. Mama amwokoa Liyongo. Mwanawe wa kumzaa, aliyelaghaiwa na mtawala, amchoma sindano ya shaba kitovuni. Damu ishukayo kwa baba, inayotukuzwa barazani, ndiyo inayosaliti.

Msomaji wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, hahitaji kufasiriwa hayo. Kwa mila ya Wamwera ukoo huhesabiwa kwa mama. Mtoto hujulikana ni wa nani kabla baba hajaulizwa. Kwa jicho hilo Liyongo hakupungukiwa na nasaba: waliomhesabu walianzia upande usio wake. Hata Uingereza, Henry Tudor alipotwaa kiti mwaka 1485, damu ya kifalme aliyoitegemea ilipitia kwa mama yake, Margaret Beaufort, ukingo wa ngao usizuie kitu.

Liyongo alikufa kisimani, amepiga goti, upinde ameuvuta, na mji mzima ukaogopa kuteka maji. Aliyeombwa kumwendea alikuwa mama.