Tani Moja kwa Kila Pigo: Maji Yanavyopandishwa Crofton

Mfereji wa Kennet and Avon, kusini mwa Uingereza, ulikamilika mwaka 1810 ili mashua za mizigo zipite kutoka mto Thames hadi upande wa Bristol. Katikati ya njia kuna mwinuko. Mashua huupanda na kuushuka kupitia vyumba vya maji vyenye malango, na kila inayovuka kilele hukipunguzia maji pande zote mbili. Maji hayo hayarudi yenyewe.

Mhandisi John Rennie alikusudia kuchimba handaki la karibu kilomita 4, ili mfereji upite chini zaidi na kujazwa na maji ya asili. Mhandisi mwingine, William Jessop, akashauri handaki lifupishwe, mfereji upite juu, na maji yapandishwe kwa mvuke: fedha zingeokolewa, na miaka miwili ya kazi pia. Akasikilizwa. Handaki lililochimbwa halifiki nusu kilomita, na chemchemi zikabaki kama mita 12 chini ya kilele. Kwa hesabu za ujenzi Jessop alikuwa sahihi, ila gharama ilihamia kwenye makaa ya mawe, yakawa yanalipwa miaka yote.

Kazi ya kupandisha maji iliangukia kituo cha Crofton, ambako injini ya Boulton & Watt ya mwaka 1812 ingali palepale ilipofungwa. Mvuke huingia juu ya pistoni. Wakati huohuo, mvuke uliobaki chini yake hufunguliwa njia ya kwenda kwenye kondensa, chombo cha pembeni kinachopozwa kwa maji baridi. Humo hugeuka maji mara moja na kuacha ombwe. Pistoni inasukumwa kutoka juu na kuvutwa kutoka chini. Boriti kubwa ya chuma huinama upande mmoja, na upande wa pili hunyanyua takriban tani moja ya maji. Kabla ya Watt kubuni kondensa hiyo, silinda yenyewe ndiyo iliyopozwa kila pigo na kupashwa upya, makaa yakiteketea bure.

Injini hii haina gurudumu la kuzunguka linaloweka mpaka wa mwendo wa pistoni. Mvuke ukizidi, pistoni hupitiliza. Ukipungua, pigo halitimii. Mwendeshaji lazima aisikilize na kurekebisha vali bila kuchoka. Kwangu mimi huo ndio urithi mgumu zaidi kuuhifadhi, kwa sababu haufundishiki kwa mchoro.

Mwaka 1958 sehemu ya juu ya dohani iliondolewa kwa ubovu. Moto ukakosa mvuto wa hewa wa kutosha, na mwaka uliofuata kazi ya mvuke ikakoma. Watu wa kujitolea walianza ukarabati mwaka 1968, wakaiwasha injini tena mwaka 1970. Dohani ilirudishiwa urefu wake miaka ya 1990. Siku za kawaida pampu za umeme ndizo hufanya kazi. Boila zikiwashwa, umeme huzimwa, na injini ya 1812 hukijaza kilele yenyewe.